Kliniki ya Sebuleni Imefungwa

Wakesho mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima. Leo asubuhi nimekuona ukila mayai manne na chapati mbili, na mtu anayekula hivyo yuko sawa. Mimi pia niko sawa, ila mkono umesahau kalamu. Barua ndefu ya mwisho nilimwandikia mjomba wako Voi, kumjulisha kwamba tumefika Amerika na kwamba hapa maji ya mfereji ni baridi kuliko ya friji. Hii itakuwa ndefu kuliko ile.

Ni saa nane mchana. Umeenda Oakdale kumuaga Mai, mwenzako wa kliniki, na kwa vile namjua Mai, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua: nikianza kusema naingia kwenye soksi, kutoka soksi naingia kwenye mafuta ya gari, na yale niliyotaka kusema yanabaki kooni. Na wewe ungenijibu kwa Kiingereza chako cha haraka kwamba yameisha, tusonge mbele. Kwako labda yameisha. Mimi bado sijayasema.

Ya soksi nimeyaacha. Umeishi na baridi hii tangu darasa la tatu, na ya Duluth unakohamia kesho ni hiihii, imeongezewa ziwa tu. Nataka kuandika jinsi nilivyokuchosha. Nimeandika hayo maneno nikayaangalia, na sitayafuta.

Ulipopata laisensi ulinikalisha kwenye hiki hiki kiti ukanieleza polepole, kama unavyowaeleza wazazi pale kliniki. "Mama, mimi si daktari. Ni tabibu wa meno ya watoto. Naziba, nang'oa meno ya utoto, na daktari yuko juu yangu." Nikasema nimeelewa. Jumapili iliyofuata, wakati wa shukrani, nikasimama kanisani nikasema Mungu amenipa daktari. Ulikuwa umekaa safu ya tatu. Uliinamisha kichwa, nami nikadhani ni haya ya furaha.

Mama Nuru hakungoja hata tutoke nje. Mwenyekiti wa akina mama gani huyo angengoja? Alikuja na mjukuu wake Baraka amemshika kidevu, kama mtu anayeuza mbuzi. "Daktari wetu, hebu tupia jicho tu hapa nyuma. Jicho tu!" Ukatupia jicho. Ukamwambia jino la nyuma limetoboka, akamwone mtu kliniki. Mama Nuru akanigeukia mimi: "Unaona? Bure kabisa! Na kwa Kiswahili!"

Wiki iliyofuata walikuja watatu nyumbani. Kabla ya Krismasi sebule ilikuwa na foleni. Nilinunua viti vya kukunja sita. Nilikuwa napika chai ya maziwa kwenye sufuria ile kubwa ya harusi, watoto wa Kenya, wa Tanzania, wa Kongo wanakimbizana kwenye ngazi, na wewe umepiga magoti kwenye zulia na tochi ya simu, unasema, "Fungua, simba, fungua, nione kama umekula mtu leo." Walikupenda. Hata waliokuwa wanalia walikupenda. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na birika nahisi nimekuwa mrefu.

Nikuambie kwa nini, si kujitetea. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kuosha na kufuta watu. Kule kwenye nyumba ya wazee Richfield niliitwa "wewe," niliitwa kwa majina ya wafanyakazi walioondoka zamani, mama mmoja alikuwa akiniita "yule wa jioni" hata asubuhi. Halafu inafika Jumapili, naingia kanisani, watu wanasogea kwenye benchi: "Mama daktari, kaa hapa." Hicho kitu ni kitamu, Wakesho. Nilikilipia kwa siku yako ya kupumzika, na hukuniuliza bei.

Kuna jambo nililoliona nikanyamaza, na hujui kwamba nililiona.

Unakumbuka siku nilipomleta Baraka kliniki kwenu kuzibwa lile jino, bibi yake akiwa kazini? Nilikaa kona ya chumba, kwenye kiti cha wazazi. Kwanza alikuwa mzuri. Halafu akaona sindano. Yule mtoto mdogo aligeuka kuwa watu watatu. Alipiga teke trei, akanguruma, ukamsogelea kwa ile sauti yako ndogo, akakuuma kidole. Nilisimama. Wewe ukacheka! Ukamwambia, "Umenionja? Nina chumvi ya kutosha?" Akacheka huku machozi yanamtoka, akafungua mdomo, ukamaliza kazi. Nilitaka kupiga vigelegele.

Baadaye nikaenda kutafuta choo nikafungua mlango usio wenyewe. Ni kile chumba mnachooshea vyombo. Ulikuwa umeegemeza paji la uso kwenye kabati, mikono inaning'inia kama nguo iliyotundikwa. Mai alikuwa kando yako ameshika glasi ya maji. Nikasikia kutoka mle ndani mtoto mwingine ameanza kulia, na mtu anaita, "Huyu mpelekeeni Wakesho." Ukainua kichwa. Nikaona ukivaa uso wako upya, kuanzia macho, halafu mdomo. Nikarudisha mlango taratibu.

Na nilifanya nini? Nikiwa garini na Baraka nilimpigia bibi yake simu. "Mama Nuru, mwanangu ana mkono! Ameumwa na akacheka!" Nikasimulia yote hadi kwenye kucheka, nikaishia hapo. Jioni ulipoingia nikakuuliza walikuwa wangapi leo. Ukasema kumi na wanane. Ukasema, "Mama, kumi na wanne walilia, na mmoja ana meno manane yameoza na ana miaka minne, na alikuwa ananiomba msamaha." Ulikuwa bado umevaa koti. Nikakwambia, "Vumilia, mama. Mimi nilianza hapa na kuosha vyoo."

Neno hilo nilikupa mara ngapi? Nilikupa kama watu wanavyompa mtoto peremende, ili anyamaze. Kila ulipochoka, mimi nilikuwa nimechoka zaidi. Ukisema shingo inauma, mgongo wangu ulikuwa umeuma tangu uzaliwe. Tulikuwa tunashindana kuchoka humu ndani, na mimi nilikuwa lazima nishinde.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Februari. Wewe unaikumbuka kwa upande wako, nikupe upande wangu. Mai alinipigia nikiwa namvalisha mama mmoja viatu. Akasema, "Mama Wakesho, njoo. Njoo na mtu wa kuendesha gari lake." Nilidhani ajali. Nilifika na yunifomu na glovu moja bado mkononi. Ulikuwa kwenye egesho la kliniki, injini inanguruma, vioo vimejaa mvuke, umefunga mkanda. Mai amekaa kiti cha pembeni. Akaniambia kama anayemwongelea mgonjwa aliyelala, "Saa moja na nusu sasa. Mkono wake haukubali kufungua mkanda."

Nikafungua mlango nikakuuliza, una nini? Ukasema, kwa Kiswahili, wewe ambaye hujanijibu kwa Kiswahili tangu ujue Kiingereza: "Mama, nikiingia leo nitamuumiza mtoto."

Nilikusikia. Nilisikia vizuri sana. Na nikakupeleka nyumbani nikaita wanamaombi.

Siwacheki wanamaombi, nao wana kazi yao na wengine wao wamenishika nikiwa sina miguu. Lakini walikuja watano na chupa ya mafuta, wakasimama kwenye korido wakaanza kufunga pepo wa hofu mlangoni kwako. Ukasema kutoka ndani, "Mama, sina pepo. Nina usingizi." Mama Nuru akasema, "Pepo wa usingizi pia yupo!" Mmoja akashindwa kujizuia akacheka, akajifanya anakohoa.

Ndipo ukafungua mlango, blanketi kichwani. Ukawaangalia wote kwa adabu, ukawasalimia shikamoo mmoja mmoja, ukasema, "Ombeni, nawashukuru. Lakini mkimaliza, tafadhali, Jumapili msije na watoto."

Hapo nilikuwa na nafasi, Wakesho. Ilikuwa imewekwa mbele yangu kama sahani. Ningeweza kusema, "Mmemsikia." Badala yake nilikuonea aibu. Niliwasindikiza hadi kwenye magari nikisema, "Msimsikilize, ni ugonjwa unaongea." Na nikaona pazia la dirisha lako limesogea. Kwa hiyo najua ulinisikia.

Hilo ndilo ninaloomba unisamehe kwanza. Kuna la pili, na hili la pili hata baba yako alikufa bila kulijua.

Uliposema utamuumiza mtoto, ndani ya nyumba hii mimi ndiye niliyejua unasema nini. Mwaka wako wa kwanza chuoni nilikuwa napiga shifti mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Wiki moja nilipiga hivyo siku tatu mfululizo, kwa sababu msimamizi alikuwa ananiambia, "Wewe huwa hukatai." Nikaona ni sifa. Kulikuwa na mzee mmoja mrefu, mpole, aliyeniita Helen. Nilimtoa kitandani nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikageuka kuchukua blanketi lake. Breki sikufunga. Nimefunga breki hizo maelfu ya mara, mkono unajua wenyewe, lakini siku hiyo mkono haukuwepo. Kiti kikarudi nyuma, mzee akateleza hadi chini, taratibu, kama anayekaa kwenye majani.

Alipata jeraha la nyonga, jeusi, kubwa kama sahani. Hakuvunjika. Nikapiga magoti kumshika, akaniangalia akasema, "Helen, umechoka." Yeye aliye chini ndiye aliyeniambia hivyo. Na nilipojaza fomu niliandika kwamba alijaribu kusimama mwenyewe.

Nimeandika sasa. Kalamu haikuvunjika.

Mzee huyo alifariki baadaye kwa uzee wake, na hadi siku ya mwisho nilikuwa nakagua breki zake mara tatu tatu, lakini ukweli sikumwambia, wala sikuwaambia watoto wake waliokuwa wananiletea keki. Kwa hiyo wewe ulipokaa kwenye gari ukakataa kuingia, ulifanya jambo nililoshindwa mimi. Ulijua mkono haupo, ukakaa. Wengine waliona umeanguka. Mimi nilipaswa kuona kwamba katika familia yetu huyu ni mtu wa kwanza aliyesimama kabla kiti hakijarudi nyuma.

Sikuona mara moja. Aliyenifumbua ni Mai, na sufuria yake ya supu.

Alikuja Jumamosi, wewe umelala. Akawasha jiko langu bila kuomba, kama dada. Nikamuuliza, "Mai, mbona yeye? Nyote mnafanya kazi moja. Wewe uko pale miaka ishirini na hujakaa kwenye gari." Akacheka kidogo. Akasema, "Mimi nilikaa bafuni. Mwaka wangu wa nne. Mume wangu alidhani nimeteleza." Kisha akasema, "Yeye anapewa watoto wagumu wote. Akilia mtoto, daktari anasema mpelekeeni Wakesho. Mimi pia nasema. Anaweza, kwa hiyo hakuna anayeuliza amefanya wangapi. Wengine wetu tunapata wale wanaocheka." Nikasema hilo si haki. Akakubali. Halafu akauliza tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Na Jumapili yeye hufanya nini?"

Nilichukua mwiko nikaanza kukoroga supu ambayo haikuwa yangu. Viti sita vya kukunja vilikuwa vimeegemea ukuta pale pale nyuma yake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nikaenda mbele. Sijui kama kuna aliyekusimulia sawasawa, maana wewe ulikuwa bado umelala na kila mtu ana hadithi yake. Hii ndiyo ya kweli. Nikasema, "Nilisimama hapa nikasema Mungu amenipa daktari. Nilikosea. Amenipa binti, ni tabibu wa meno ya watoto, na nimemchosha mpaka ameshindwa kufungua mkanda wa gari. Nyinyi hamkujua. Mimi nilijua. Kuanzia leo kliniki ya sebuleni imefungwa. Mkija kwangu Jumapili mtapata chai. Hakuna mdomo utakaofunguliwa isipokuwa kwa maandazi."

Wengine walipiga makofi, wengine walitafuta kitu kwenye mikoba. Nje, Mama Nuru alinisubiri karibu na gari. "Kwa hiyo daktari wetu sasa ni wa watu wa bima?"

"Mama Nuru, mtoto wangu anaumwa."

"Na watoto wetu hawaumwi? Mbona zamani hukusema? Ulikuwa unapika chai ukitabasamu!"

Alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Nikamwambia, "Nilikuwa natabasamu kwa shingo ya mwanangu. Sasa kama unataka kusaidia watoto, njoo Jumanne tukae na simu."

Hakuja Jumanne. Wiki nzima aliniita "ofisi": "Ofisi imefunguliwa? Ofisi inasalimia leo?" Alikuja Jumanne ya pili, na miwani. Tukapiga simu kliniki moja baada ya nyingine kuuliza nani anapokea bima ya jimbo kwa watoto. Mimi nikiambiwa nafasi ni baada ya miezi mitano nilikuwa nasema asante nakata. Mama Nuru hakati! "Miezi mitano jino linangoja wapi? Nani amefuta miadi leo? Angalia tena, binti yangu, nitangoja." Anangoja akiimba tenzi kwenye simu hadi wanapata nafasi. Yule mama ana kipaji ambacho tulikuwa tunakiweka kwenye kugawa sahani. Sasa kuna karatasi ya hizo kliniki kwenye ubao wa kanisa, na watoto wote wa ile foleni wana mahali pa kwenda penye kiti cha kweli na taa ya kweli. Ilitakiwa iwe hivyo tangu mwanzo. Uliniambia tangu mwanzo, nami nikakuletea viti vya kukunja.

Na kazini kwangu nilikataa shifti. Usicheke. Msimamizi alipiga simu saa kumi na moja alfajiri: "Wewe huwa hukatai." Nikasema, "Leo nakataa." Nikafikiri mtandao umekatika. Akasema sawa. Miaka yote hiyo, na jibu lilikuwa "sawa"! Nilirudi kulala nikashindwa, kwa furaha.

Sasa niandike ya ushindi wako, maana hayo ninayaandika nikiwa nimekaa wima.

Uliporudi kliniki Aprili, theluji ikiwa bado kwenye kona za egesho, ulienda moja kwa moja kwa mkuu wenu. Mai alinisimulia, maana wewe ulisema tu "tuliongea." Ulimwambia unarudi kwa mambo matatu. Watoto wagumu wagawanywe kwa zamu, zamu iandikwe ubaoni kila mtu aione, hata jina la mkuu liwemo. Aliyemaliza mtoto mgumu atoke nje kidogo kabla ya kuitwa kwa mwingine. Na chakula cha mchana kiliwe kwa kukaa, mlango umefungwa, asiongee mtu habari za meno. Akakwambia watoto watasubiri. Ukamjibu, "Watasubiri kidogo leo, au watasubiri mtu mpya aajiriwe." Wakesho! Umetoa wapi huo mdomo? Mimi mama yako nimekaa miaka naogopa msimamizi wa shifti!

Akakubali kujaribu mwezi mmoja. Mai anasema siku ya kwanza mtoto mmoja alilia sana, watu wote wakakuangalia, na wewe ukaangalia ubao. Ilikuwa zamu ya mkuu. Akaingia, akapigwa teke la tumbo, akamaliza, akataka kwenda kwa mwingine, na Mai akamzuia mlangoni: "Daktari, dakika zako hazijaisha. Rudi nje." Akarudi nje! Mtu mzima na digrii zake, amesimama kwenye theluji iliyobaki, anapumua.

Mwezi ukapita, na ubao bado uko pale hadi leo. Yule kijana daktari aliyekuwa anatapika kila Jumatatu kabla ya kazi, hatapiki. Wale wasichana wawili waliokuwa wameandika barua za kuacha kazi walizichana, mmoja akamletea Mai vile vipande amfanyie utani. Na watoto? Mai anasema wanalia vilevile, ni watoto. Lakini anayewashika hajabeba vilio vya jana.

Na wewe ulianza tena kuimba bafuni. Sikukwambia, niliogopa ukijua utaacha.

Halafu watu wa Duluth wakasikia, wakaja wawili kuangalia ubao kwa macho yao, na mwezi uliopita wakakuita ukawafungulie kliniki mpya ya watoto na uwapange wafanyakazi tangu siku ya kwanza. Wamekuita kwa sababu ya yale uliyojifunza ukiwa umelala na blanketi kichwani. Mimi niliwaambia akina mama ni ugonjwa unaongea. Ndio huo ugonjwa sasa unaitwa kuongoza watu.

Ninaogopa, lakini. Lazima niseme. Kule hakuna Mai. Utakuwa wewe mkuu, na mkuu hana wa kumwambia arudi nje. Na najua sauti itakayokuja kichwani siku ngumu, kwa sababu ni sauti yangu. Nimekupa neno moja, vumilia, miaka thelathini, na haliwezi kutoka kwa sababu nimeandika barua moja. Likija, mwanangu, litambue: huyo ni mama wa zamani, aliyekuwa anashindana. Mjibu kama ulivyomjibu mkuu wenu. Mama wa sasa ukimpigia ukasema umechoka, hatakuambia alichoka zaidi. Atakuuliza umechokea wapi, halafu atanyamaza akusikilize. Nimekuwa nafanya mazoezi na Mama Nuru kwenye simu. Ni vigumu. Anachoka kwa mambo ya ajabu.

Na sasa kuna jambo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua.

Jumapili iliyopita, baada ya watu kukuombea safari, dada mmoja aliniambia ana ndugu Duluth, wana watoto watatu, wamefika juzi kutoka Arusha, hawajui mtu. Akasema, "Wakesho atawatazama tu, si ndiyo?" Na mimi, baada ya yote haya, baada ya kusimama mbele ya kanisa, nilisikia ule utamu. Mama daktari. Nikatoa simu nikampa namba yako. Nikasema, "Jumapili atakuwa huru."

Siku sita nimekula na wewe na sikusema. Jana nilikuwa nakunja mashuka yako nikakumbuka siku ya zile breki. Nilijua ni kitu kilekile: nimefanya, na nimeanza kuandika fomu ya uongo kichwani.

Leo ulipotoka kwenda kwa Mai, kabla sijafungua daftari, nilimwomba yule dada namba ya ndugu zake, nikapiga simu Duluth mwenyewe. Baba wa watoto ndiye aliyepokea, Kiswahili safi, mpole. Nikamwambia, "Baba, namba niliyowapa ni ya binti yangu, na sikuwa na ruhusa ya kuitoa. Naomba uifute." Nilingoja anitukane. Akasema, "Mama, usijali, tunaifuta sasa hivi. Ila mkubwa jino linamsumbua." Nikamwambia, "Niachie mimi nusu saa." Nikampigia Mama Nuru, naye akapiga Duluth. Mtoto ana miadi Jumatano, saa tatu, kwenye kliniki iliyoko kule tayari, kwa mtu aliye kazini, anayelipwa, aliyelala usiku.

Kwa hiyo unaondoka kesho na Jumapili zako zote. Nimezihesabu, hakuna inayokosekana. Ukitaka kuwajua hao watu wa Arusha, wajue wewe, kwa wakati wako, kama majirani. Watakuonyesha watoto wao midomo ikiwa imefungwa.

Nimeomba likizo ya Jumamosi na Jumapili mwezi ujao, na msimamizi amesema sawa. Nitapanda hiyo barabara ya kaskazini mwenyewe, polepole, upande wa kulia, malori yanipite. Utasikia honi. Ukitoka nje kunipokea utaangalia kiti cha nyuma kwanza, nakujua, kwa miaka yote umekuwa ukiangalia nimekuletea nani. Angalia tu. Utakuta kuku, chapati zimefungwa kwa taulo, na mto wangu wa kulalia. Hakutakuwa na mtoto ameshika shavu.

Ni mimi mama yako, ninayekuonea fahari hata ukiwa umelala,

Mama Wakesho